Vidonge vya Sadaka vya Bi Mwanahamisi

Nyie madresa vijana, wafunga vidonda wenzangu, nimestaafu naondoka mmenishika shati mlangoni. "Mzee Mbaruku, huondoki na maneno yote hayo tumboni, yatakuozea." Haya, nimekaa. Mie nasema, na karani wa shamba, Bwana Petro, anaandika, kwani mkono wangu unajua kuandika jina langu peke yake, na hilo nalo likianza chini ya karatasi hutokea darini. Nimemwambia aandike kama linavyotoka, asilivishe kanzu. Uongo wowote mtakaoukuta humu ni wangu. Kosa la herufi mkamdai yeye.

Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa ngapi, huko sitii mguu. Cheo changu cha kwanza kilikuwa ufagio, na ufagio wenyewe ulikuwa na meno matatu.

Nilikwenda shamba la mkonge njia ya Pongwe, kijana ndevu zinabisha hodi, kuomba kazi ya kukata. Mnyapara akanigeuza viganja akavitazama. Akasema, "Mikono hii ni ya kushikia kikombe cha kahawa. Kafagie hospitali." Ndivyo nilivyoingia katika utabibu, enyi wanangu. Wengine huingia kwa mtihani, mie niliingia kwa viganja laini.

Hospitali yenyewe ilikuwa nyumba ya bati yenye vitanda kumi na viwili, na mbu wakubwa hata wakitua juu ya shuka mgonjwa husema asante kwa kufunikwa. Mwenye nyumba ile, maana daktari alikuja na kwenda, alikuwa Mzee Yohana, Mshambaa wa milimani, Mlutheri, mpima dawa. Mtu wa maneno matatu kwa siku, na mawili kati ya hayo ni "nawa mikono." Mie siku ya kwanza nilimsimulia hadithi saba toka asubuhi mpaka adhuhuri. Akasikiliza zote. Mwisho akasema, "Nawa mikono."

Namshukuru mzee yule kuliko ninavyoweza kusema. Kusoma sikujua, naye hakunicheka. Alinifundisha chupa kwa pua. Aidini inachoma mpaka kwenye jicho. Haluli haina harufu ila ukiionja utaijua, na nusu saa baadaye utaijua zaidi. Dawa ya zambarau haina haja ya kunuswa, maana ukiigusa unatembea na ushahidi wiki nzima. Halafu akaniwekea alama kwa msumari kwenye vizibo: mkato mmoja ya kunywa, mikato miwili ya kupaka, msalaba usiguse bila kuniita. Msalaba nikauogopa kuliko mjomba wangu.

Sindano siku hizo haikutupwa. Ilichemshwa, ikatumika, ikanolewa kwenye jiwe lenye mafuta, ikachemshwa tena. Ukishanoa unapitisha ncha kwenye pamba. Ikikamata uzi, ina ndoana, rudi kwenye jiwe. Ipo moja niliikuta ndefu kama mshale nikaiacha fupi kama ukucha, imechoma matako ya babu, ya baba na ya mjukuu, na wote watatu walilia kwa sauti moja. Hiyo ya pamba mwendelee nayo hata mkiletewa sindano za dhahabu.

Jambo jingine alilonifundisha Mzee Yohana ni kumwambia mgonjwa akurudishie. Ukimpa dawa na maelezo, usimwache aseme "nimesikia." Mbuzi naye anasikia. Mwambie, hebu nirudishie nilivyokwambia. Akikosea, anza upya. Nami nilifanya hivyo miaka yote, nikajiona fundi kweli kweli. Subirini.

Mzee Yohana alipostaafu kurudi kwao milimani, mie nilikuwa dresa kamili, nafunga vidonda, nachoma sindano, nazalisha ikibidi. Ndipo nikahamishiwa zahanati ndogo njia ya Pangani, nusu saa kwa baiskeli mpaka Kigombe, au robo saa kama mbwa wa shamba wamefunguliwa. Daktari wetu alikuja toka mjini kila Alhamisi na gari lake dogo, Mgoa mmoja mpole mwenye vioo vinene usoni. Watu wakimwita Bwana Miwani, na yeye alijua, na hakujali. Siku nyingine sita zahanati ilikuwa mie, jiko la kuchemshia, na mama mmoja wa kufagia ambaye hakuniamini hata nikimwambia leo Jumatatu.

Maana huko Kigombe walikuwa wameshanipa jina. Mbaruku Chumvi. Ati kila neno langu nalitia chumvi. Mie niliwahi kuwaambia habari ya samaki chewa aliyemeza baiskeli, na kengele ikawa inalia tumboni mwake kila akigeuka, basi wakaona ni uongo. Kweli ilikuwa ni uongo. Lakini jina lilinipendeza, kwa sababu mgonjwa akicheka hukunjua mkono, na mkono ukikunjuka sindano inaingia. Utani ulikuwa chombo changu cha kazi kama kipima homa, na nilikinoa kila siku.

Sasa nije kwenye baridi yabisi. Si ile ya wazee ya goti linaloimba mvua ikikaribia, nasema ile mbaya, inayoshika vidole vyote, mkono wa kulia na wa kushoto pamoja, viungo vinavimba kama tangawizi, asubuhi mtu hawezi kufunga kanga yake mpaka jua lipande. Wengi waliopatwa ni wanawake, tena si vikongwe. Tulikuwa tunawapa aspirini mpaka masikio yanavuma, na mafuta ya kuchua, na maneno matamu. Maneno ndiyo yalikuwa mengi kuliko dawa.

Bi Mwanahamisi wa Kigombe alikuwa mmoja wao. Mjane, msuka mikeka. Mkeka wake ulikuwa ukiulalia unaona haya kuukanyaga asubuhi. Ukili, ule mshipi unaoshonwa ukawa mkeka, aliusuka akiwa anaongea, anatafuna tambuu, anakaripia kuku, na jicho halitazami chini hata mara moja. Ugonjwa ulipomkamata vidole, chane za majani ya mkindu zikawa zinamponyoka kama samaki hai. Nilimkuta siku moja amekaa na kilindo cha miyaa iliyokwisha kutiwa rangi, nyekundu na zambarau, na mikono iko mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Akaniambia, "Mbaruku mwanangu, mie sitaki kupona niende ngoma. Nataka vidole tu." 

Alhamisi moja Bwana Miwani akaja na kikopo. Vidonge vidogo, vyeupe, havitishi hata mtoto. Jina lake lilikuwa refu kuliko treni ya Moshi, nasi tukaviita kotizoni kwa kuwa alisema ni ukoo mmoja. Akanikalisha benchi kabla hajampa Bi hata kimoja. Haya nayasema polepole, Bwana Petro aandike vizuri.

Akasema, "Mbaruku, dawa hii haiui ugonjwa. Ugonjwa huu ni askari wa mwili wamechanganyikiwa, wanampiga mwenye nyumba. Dawa inawalaza askari. Viungo vitapoa. Lakini askari wakilala, na mwizi anaingia. Kidonda kidogo kitakuwa kikubwa, na homa haitapanda kukwambia. Asikae karibu na mwenye surua wala mwenye kifua kikuu. Ameze akishakula, kwa kuwa inakwangua tumbo. Ataona njaa, uso utaviringana. Na kubwa kuliko yote, asiache ghafla. Mwili ukipewa dawa hii miezi, unasahau kutengeneza yake. Ikikatika kwa siku moja, ataishiwa nguvu, atatapika, atakufa. Tunapunguza kidogo kidogo, mimi na wewe, si yeye. Akiikosa kwa sababu yoyote, jambo la kwanza ni kumrudishia, halafu niite."

Nikamrudishia maneno yote, moja moja. Akatikisa kichwa. Kichwa changu hakijui kusoma lakini hakisahau.

Bi naye hakujua kusoma, basi tukatengeneza daftari letu. Nilichukua ukili mwembamba nikaupiga mafundo, fundo moja siku moja. Asubuhi akishakula na kumeza viwili, na jioni kimoja, ndipo afungue fundo. Yakibaki mafundo matatu, aje zahanati. Ukili ukatundikwa msumarini juu ya kitanda. Bwana Miwani alipouona alisema hajawahi kuona kadi ya hospitali nzuri kama ile, na mie nikavimba kichwa hata kofia ikakataa kuingia.

Sasa ndiyo nikamweleza masharti. Na hapa, wanangu, ndipo nilipoharibu. Nilimweleza yote, sikuacha hata moja. Ila niliyapika kwa mapishi yangu. Nikamwambia, "Bi, dawa hii kidonge kimoja kinamsimamisha ngamia aliyekufa juzi. Usimpe jirani, ataanza kupanda minazi. Usimeze na njaa, itakula utumbo na kuomba kachumbari. Na usiache ghafla hata kwa dawa ya mapenzi, utaanguka pu! kama nazi kavu." Akacheka mpaka akashika mbavu. Nikamwambia anirudishie. Akarudisha yote sawasawa, na ngamia, na kachumbari, na nazi, na "pu!" Nikaondoka nafurahi kama bwana harusi.

Vidole vikafunguka. Wiki ya pili alifunga kanga mwenyewe alfajiri. Mwezi wa pili akashika chane. Uso ukaviringana, mashavu yakang'ara, na nyie mnajua kwetu pwani mtu akinenepa hakuna anayeuliza sababu, wanasema mashallah. Kigombe nzima wakasema Bi Mwanahamisi amerudi mwali. Mzee mmoja wa huko Mkwaja, aliyekuja kununua mkeka, akarudi mara tatu na mikeka yote ni ile ile.

Mara moja tu nilipata onyo. Alikanyaga mwiba wa samaki, mguu ukawa mwekundu kidogo. Nikamtia kipima homa, hakina habari. Nikasema si kitu, nikaosha, nikafunga. Alhamisi Bwana Miwani akafungua kile kitambaa, akabonyeza, usaha ukatoka kama maziwa ya nazi, na Bi anatutazama tu, hana homa, haumwi sana. Daktari akaniambia taratibu, "Kwa mgonjwa huyu, chombo chako hicho ni kipofu. Tumia macho." Akachomwa penisilini, akapona. Nikashukuru, nikadhani somo limekwisha.

Miezi ilipita, masika yakaja yakaenda. Kipupwe kikaingia, mie nikapelekwa mjini siku nne kuleta vifaa. Na katika siku hizo nne Bi Mwanahamisi akasoma maulidi ya shukrani. Kwetu mtu akiondokewa na balaa anashukuru, na akishukuru anatoa. Walisoma, wakafukiza ubani, wakanyunyiza marashi, wakala. Baada ya chakula Bi akasimama na mkebe wake. Akasema, Mungu amemponya kwa kitu hiki, na kitu kilichokuponya hukifungii kabatini mwenzio anaugua, huo ni uchoyo, na uchoyo huyarudisha maradhi. Viungo vinavyouma Kigombe havikuwa vyake peke yake. Akawagawia wenziwe kumi, kila mmoja vidonge vitano, kwa hesabu ya sala tano. Wakafunga kwenye pembe za kanga zao wakaitikia amina.

Kikabaki kimoja. Akakimeza asubuhi yake, akasema sasa basi, nimepona.

Mie nilirudi kutoka mjini Jumatatu. Hata baiskeli sijaiegemeza, nikamwona mkwewe Bi Mwanahamisi, Zaina, anakuja mbio, kanga mkononi.

"Kaka Mbaruku, mama kaanguka."

"Kaanguka wapi?"

"Kitandani! Tangu jana hasimami, anatapika, hata maji. Sasa anaongea na marehemu."

Nilipanda baiskeli ile, Zaina nikampakia nyuma. Nusu saa ya njia, sijui niliifanya dakika ngapi, na kwa mara moja maishani mwangu sitii idadi. Nikamkuta amelala, ngozi baridi, jasho, mshipa wa mkono unapiga mbali kama ngoma ya kijiji cha pili. Homa hakuna. Nikatazama juu ya kitanda. Ukili uko msumarini, mafundo kumi na saba. Nikafungua mkebe. Mtupu.

"Zaina, vidonge viko wapi?"

"Si kavitoa sadaka."

Nikaupiga mkebe kiganjani, hata unga haukutoka.

Zahanati haikuwa na hata kimoja. Bwana Miwani alileta vya mgonjwa mmoja, kwa hesabu, kila mwezi, na Alhamisi ilikuwa bado. Nikamtuma Zaina kwa karani wa shamba apige simu mjini, amwambie daktari maneno matatu tu: Bi Mwanahamisi, vidonge, vimekatika. Lakini daktari hata akiruka, ni saa mbili na zaidi. Mshipa ule haukuwa na saa mbili. Nikatoka kwenda kuvitafuta vilipo.

Nyumba ya tatu, uani kwa Bi Somoe, wenyewe waliogawiwa walikuwa wamekaa sita saba wanakuna nazi. Bi Somoe ndiye mwenye ulimi wa Kigombe nzima, wengine wameazima kwake.

"Shikamooni mama zangu."

"Marahaba, Chumvi! Leo umemleta chewa wako?"

"Au kavua pikipiki sasa!"

Wakacheka. Nikasema, "Vidonge mlivyopewa kwa Bi Mwanahamisi, navitaka. Bi anakufa."

Wakacheka zaidi. Wallahi wakacheka zaidi!

"Anakufa, na Alhamisi katupigia vigelegele?"

"Dresa kaishiwa dawa kazini, kaja kuzikusanya kwetu."

Bi Somoe akafuta machozi ya kicheko kwa mgongo wa kiganja. "Weye Mbaruku, sadaka hairudishwi. Ukirudisha sadaka unarudisha na balaa. Haya, tupe hadithi nyingine, hii haina chumvi."

Nikafungua mdomo. Nikataka kusema anatapika, ni baridi, anaongea na marehemu, na kila neno nililolishika niliona ni lile lile nililokwisha kulitumia kwa utani. Kufa nimeshawaua ngamia. Kuanguka nimeshaziangusha nazi. Hakikubaki kitu kinywani. Nikavua kofia, nikakaa chini pale penye machicha ya nazi, nikanyamaza.

Kicheko kikapungua, kikafa.

Mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Mbona hasemi?"

Bi Somoe akainama akanitazama usoni. Akaweka mbuzi yake ya nazi kando. "Huyu kanyamaza," akasema. "Mbaruku kanyamaza! Enyi wanawake, Mwanahamisi anakufa kweli. Leteni!"

Basi hapo mngewaona. Huyu akafungua pembe ya kanga, vidonge vitatu na ugoro pamoja. Yule akakimbilia ndani akaja na vitano vyote, alikuwa anaogopa kumeza. Mwingine alisaga viwili kwenye mafuta ya nazi akajichua magoti, akaniletea chupa ya mafuta, nikamwambia mama, hiyo baki nayo. Mmoja kamshonea mjukuu hirizi, kidonge ndani ya kitambaa cheusi. Akaikata uzi kwa meno mtoto analia, akanipa. Kuna aliyempa mbuzi kilema.

Wakamuuliza, "Kasimama?"

"Kasimama."

"Alikuwa kilema kweli huyo?"

"Alikuwa kalala."

Na Bi Somoe mwenyewe akasimama katikati ya ua akaungama mbele ya wote. "Vyangu nilivimeza vitano kwa pamoja, kwa sala zote za siku. Magoti yakawa ya msichana, na usingizi sikuuona siku mbili. Nimepara samaki wa mtaa mzima." Hiyo ya sadaka isiyorudishwa, aliitengua yeye mwenyewe. "Haturudishi," akawaambia. "Tunampa sadaka yetu siye. Mwanahamisi naye ana haki ya kupewa."

Kumi na tisa nikavipata. Nikasaga vinne kwa kijiko, nikakoroga na maji ya sukari na chembe ya chumvi, nikamtia Bi mdomoni kidogo kidogo. Vya kwanza akavitapika. Nikasaga vingine. Bi Somoe kamshika kichwa, mie nashika kijiko, na mwingine anahesabu baina ya kijiko na kijiko kama nilivyomwambia, mpaka mia, ndipo kingine. Safari hii vikakaa. Nikashika mshipa, sikuuachia tena. Sijawahi kushika kitu muda mrefu vile pasipo kukisimulia.

Bwana Miwani aliingia alasiri, gari limejaa vumbi mpaka ndani ya vioo vyake. Akamchoma sindano, akatundika chupa ya maji kwenye msumari, mkabala na ule ukili. Akangoja mpaka macho ya Bi yakamtazama na kumjua. Ndipo akaniita nje.

"Ulimpa nini kabla sijafika?"

Nikamwambia.

"Vizuri. Umemshika pale pale alipokuwa anatoka." Akafuta miwani. "Ulimwambia asiache?"

"Nilimwambia, Bwana."

"Ulimwambiaje?"

Nikamwambia nilivyomwambia. Pu, na yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kama Mzee Yohana.

"Mbaruku," akasema, "ulimwambia, au ulimchekesha?"

Hakunifukuza, hakuniandikia barua. Namshukuru kwa hilo. Ningefukuzwa ningepata mahali pa kukasirika. Kwa kuwa hakunifukuza, nilibaki na swali lake.

Bi Mwanahamisi yu hai, naye ndiye aliyenisukia mkeka nilioondoka nao kazini juzi. Dawa tulimpunguzia kwa miezi, kidonge, nusu, robo, kila mwezi ukili wenye mafundo ya rangi yake, mpaka mwili ukakumbuka kazi. Vidole viwili vya kushoto vimejikunja tena, anasukia vilivyobaki, na anasukia vizuri. Mikeka ile ya bwana wa Mkwaja imekwisha kurudi nyumbani kwake Bi, na bwana mwenyewe pamoja nayo.

Lakini hata hajaanza kushika tena chane, wiki ya pili baada ya kuanguka, aliniita. Nikadhani ni kidonda. Nikakuta mkeka umetandikwa sebuleni, na wenziwe wale kumi wamekaa, Bi Somoe mbele na tambuu shavuni, na Bi Mwanahamisi ameegemezwa mito ukutani, uso bado wa mviringo, sauti ya mtu aliyetoka mbali.

"Shikamoo Bi."

"Marahaba mwanangu. Kaa. Hawa kila mtu ana chembe moja au mbili alizoficha, nawajua. Mie mwenyewe nilitaka kukuomba zaidi. Sasa waeleze dawa ile. Yote, lakini ieleze kama unavyomwambia mtu njia ya kwenda kuzika."

Nikakaa. Nikaanza. "La kwanza. Ukimeza dawa hii siku nyingi, mwili unasahau kutengeneza yake. Ukiiacha ghafla, unakufa."

  Niliwaona wote wamenitazama mdomo, meno yako tayari, wanangoja ile inayofuata. Na mie ilikuwepo, wanangu, siwafichi. Ilikuwa imekaa kwenye ncha ya ulimi, nzuri, mbichi, ya siku hiyo hiyo. Nikaimeza. 

Hakuna aliyecheka. Bi Somoe akatoa tambuu shavuni, akafungua pembe ya kanga, akaweka kidonge kimoja juu ya mkeka mbele yangu. Kumbe hakumeza vyote vitano.

Bi Mwanahamisi akatikisa kichwa. "Tumesikia hilo," akasema. "Haya, baba. Sema la pili."